Saba Haikuwa na Mwenyewe

Siku tuliyomzika Wamuyu, mhubiri alisimama mbele ya jeneza, akaiangalia jezi ya kijani yenye nambari saba iliyotandazwa juu yake, akatuambia kwamba saba ni nambari ya Mungu. Alitaja siku saba za uumbaji, akataja taa saba na makanisa saba, kisha akafika mahali akasema marehemu aliichagua nambari hiyo kwa sababu ya imani yake. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu chini ya hema, mvua nyembamba ya Tetu ikinidondokea mgongoni mahali turubai lilipopasuka, na nikajisikia nikisema kwa sauti, "Si kweli." Mama aliyekaa kando yangu aligeuka kuniangalia, nikajifanya nakohoa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na umri haujanitibu. Wamuyu alikuwa mcha Mungu, hilo sikatai, lakini saba hakuipata kwenye Biblia. Niliijua ilikotoka. Nilikuwepo, na vidole vyangu ndivyo vilivyoiandika.

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano. Watu wa rika langu ukiwaambia hivyo hawakuulizi tarehe, wanakunja pua. Mvua ilikuwa imetukataa, mahindi yetu yakakauka yakiwa hayajafika kiunoni, na serikali ikaleta mengine kutoka ng'ambo, ya rangi ya kiini cha yai. Githeri yake, hata ikichanganywa na maharagwe mazuri, ilinuka gunia. Ya nyumbani kwetu nayaacha, kila mtu ana kwao na shida za kwao. Ninachotaka kusimulia ni chumba kimoja mjini Nyeri na yale niliyojifunza humo, kwa sababu mengi niliyoyafanya baadaye maishani, hata ukaidi wangu ambao wanangu wanaulalamikia, yalianzia pale.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kupiga taipu nikaandikwa kazi katika duka la Hasmukhbhai, barabara kuu. Aliuza taipureta, karatasi za kaboni na wino, na aliuza misumari pia, kwa sababu baba yake alianza na misumari na yeye hakutaka kumvunjia heshima. Wateja walimwita Hasumuku, naye akaitika. Alizaliwa mji ule ule. Kikuyu chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake, na alijua mambo yetu ambayo hakuna aliyemfundisha. Mteja akiomba misumari saba, Hasmukhbhai alihesabu minane bila kusema neno, na mteja akaipokea bila kushukuru. Nililiona jambo hilo mara nyingi, na wala sikuona kwamba nimeona kitu. Kwetu saba ilikuwa mkosi, na haikuhitaji kuelezwa. Wazee hawakushika njia wakiwa watu saba: mmoja alibaki nyumbani, au mtoto akaongezwa wawe nane. Sisi vijana tulikuwa tumebatizwa, tukicheka mambo ya kale, lakini hata sisi hatukununua mayai saba.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba kisicho na dirisha, chenye harufu ya ubani na mchele mkavu, ambako Saralaben, mke wa Hasmukhbhai, aliweka magunia yake na picha za miungu yake. Humo ndimo mpwa wao Dilip, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alimoweka kompyuta. Ilikuwa kibodi pana kama sinia ya chai, imeunganishwa na televisheni ya sebuleni na printa iliyopiga kelele kuliko cherehani. Programu ilikaa ndani ya kaseti kama zile za nyimbo. Ukitaka ianze, uliicheza kaseti, ukasikiliza mlio wake mkali mpaka chai yako ipoe, ndipo maandishi yatokee. Dilip alinifundisha kwa siku mbili, akarudi Nairobi. Mimi nilibaki nikiitazama kama mtu aliyeachiwa ng'ombe wa jirani. Saralaben alikuwa akileta chapati na dengu saa ya chakula, anaweka sahani juu ya gunia, anasimama mpaka nile. "Kula kwanza, Nyambura," alisema. "Hiyo kitu haina tumbo. Wewe iko nayo."

Kompyuta ilipata kazi kwa sababu ya vita. Mwaka uliotangulia, mashindano ya voliboli ya wanawake wa miji yetu ya mlimani yalikwisha kwa viti kurushwa. Timu tatu zilikuwa zimelingana kwa ushindi, na kanuni ya kuamua nani aendelee iliandikwa baada ya filimbi ya mwisho, na mtu ambaye mpwa wake alikuwa akicheza. Refa alikimbilia kanisani. Basi mwenyekiti, Mwalimu Gathogo, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, akaapa kwamba mwaka huu kanuni zitaandikwa kabla mpira haujaguswa, na hesabu itafanywa na mashine. Timu zilikuwa nane. Nambari zisizogawanyika kwa mbili ziwe kundi moja. Zinazogawanyika kwa mbili kundi la pili. Kila kundi litoe timu moja tu, hizo mbili zikutane fainali. Kwanza utazamwe ushindi. Mkilingana, seti mlizoshinda zigawanywe kwa mlizopoteza. Mkilingana tena, pointi zifanyiwe vivyo hivyo. Dilip aliyaandika hayo yote kwenye programu. Mwalimu akawasimamisha viongozi wa timu zote nane, wakainua mikono: karatasi itakayotoka kwenye mashine ndiyo karatasi, na mkono wa mtu hautaigusa.

Timu yetu ya Tetu ilikuwa ya wachuma majani chai, na kapteni wake alikuwa Wamuyu. Tulisoma naye. Alikuwa mrefu, mwenye mabega, na alipiga mpira kama anayepasua kuni. Katika fainali walikuwa wanakuja makocha wa timu za mashirika ya Nairobi kutafuta wachezaji, na mchezaji aliyechaguliwa aliandikwa kazi: mshahara, nyumba, sare ya ofisi. Wamuyu alikuja dukani siku moja na kikapu chake cha majani bado mgongoni, akasimama mlangoni asichafue sakafu. "Mimi sitaki kombe, Nyambura," aliniambia. "Kombe nitaweka wapi? Nataka kazi ya kuandikwa. Tukifika fainali, nitaonekana. Tusipofika, mimi ni wa majani mpaka mgongo ikatike." Alikuwa na miaka ishirini na minne, umri ambao kwetu wakati ule ulianza kuulizwa maswali, na makocha wale hawakuchukua wakubwa zaidi ya hapo. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho, na sote wawili tulijua.

Kura zilipigwa katika hoteli moja karibu na stendi, kwenye chumba cha nyuma chenye ukuta wa plaiwudi. Mwalimu Gathogo alikata karatasi mwenyewe nyumbani kwake, akazileta ndani ya kofia yake. Kila kapteni akachukua moja. Wamuyu alifungua yake, akacheka, akanionyesha: tisa. Nilifurahi pamoja naye, kwa maana tisa kwetu ni nambari njema, nambari ya koo zetu. Nikaandika orodha kwa taipureta na kuibandika ukutani: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane, tisa. Watu wakaisoma, wakala mandazi, wakaenda zao. Naomba msomaji anielewe hapa. Katika chumba kile walikuwemo walimu, karani wa mahakama, na mtu aliyekagua vitabu vya chama cha kahawa. Hakuna jicho moja lililosimama. Mwalimu aliiruka saba alipokuwa akikata karatasi kama unavyoruka dimbwi barabarani huku ukiendelea na mazungumzo, nasi tukaliruka naye.

Mashine haikuruka. Jumamosi ya kwanza ya mashindano tulicheza Nyeri mjini, kila timu mechi mbili. Tetu iliifunga Karatina, ikafungwa na Othaya kwa shida. Nilikimbia dukani na karatasi za marefa, nikaingiza matokeo moja moja, nikaiambia mashine ichapishe. Ikachapisha kundi letu: moja Othaya, tatu Karatina, tano Kangema. Halafu ikaandika saba, na mbele ya saba pakawa peupe, hakuna jina, hakuna ushindi, hakuna kushindwa. Tetu haikuwepo. Nikarudia. Tisa niliyoiandika ilipokewa bila kelele, kisha ikatupwa. Mashine iliambiwa timu ni nane, na kwa mashine nane ni moja mpaka nane. Saba iliijua na ilikuwa ikiingoja. Tisa haikuwahi kuisikia.

Nilipiga simu Nairobi. Dilip alinisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ni kitu ndogo," alisema. "Ipe timu hiyo nambari saba. Iko shida gani?" Yule kijana alizaliwa Nairobi, angejuaje? Nilimwambia sitaki kuwapa saba, nataka mashine ifundishwe kuiruka. Akasema yeye hawezi kuja Nyeri kabla ya fainali, lakini nikitaka nijaribu mwenyewe, nisome programu mstari kwa mstari, na nisiguse kaseti yake ya asili. "Utaharibu mara mingi," alisema. "Usilie."

Sikulia, lakini nilitukana kwa lugha tatu. Wiki ile nzima, kila saa ya chakula na kila jioni baada ya mlango wa duka kufungwa, nilikaa mbele ya televisheni ile na kalamu sikioni. Mistari ya programu ilihesabiwa kwa makumi, na nilipofika mstari wa sabini nilijikuta nimeshika pumzi, nikajicheka. Mahali palipoandikwa moja mpaka nane nikaweka moja mpaka tisa. Mashine ikanipa timu tisa, mojawapo mzimu uitwao saba, ambao haukuonekana uwanjani na kwa hiyo ukapoteza kila mechi, na kila timu ikapewa ushindi wa bure. Nikafuta. Nikajaribu njia nyingine, televisheni yote ikajaa nyota. Nikafuta. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hasmukhbhai alikuwa akichungulia, ananiuliza, "Bado?" nami namjibu, "Bado," naye anaenda kuhesabu misumari yake. Alhamisi jioni nilipata mahali pa kuiambia: ukifika saba, pita. Printa ikapiga kelele, ikatoa jina la Tetu na ushindi wake mmoja. Saralaben alikuja mbio akidhani nimeumia. Nimezaa watoto watatu na nimestaafu kwa heshima, lakini furaha ya karatasi ile naikumbuka peke yake.

Ijumaa kamati ilikutana pale hotelini. Nilipeleka kaseti yangu mpya na karatasi mbili, ya mashine ilivyokuwa na ya mashine ilivyofundishwa. Nikaambiwa ningoje nje. Nje kulikuwa jikoni, na plaiwudi haifichi kitu. Mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu wenyeji wetu wa fainali, watu wa chuo cha polisi cha Kiganjo, walitoka pembe zote za nchi, basi hata mpishi alisikia. Mpishi alinipa kikombe cha chai na viazi vya moto, akaacha kugongagonga sufuria ili asikie vizuri.

Bwana Kamande, kiongozi wa timu ya Kangema, ndiye aliyeanza. Alikuwa mtu wa majani chai kama sisi, mpole wa sauti. "Mwalimu, naomba kuuliza. Huyu msichana anatoka wapi?"

"Anafanya kazi kwa Hasumuku," Mwalimu akajibu.

"Hapana. Kwao ni wapi?"

"Tetu," Mwalimu akasema.

"Basi. Mimi sisemi ni mwizi. Sijui ndani ya hiyo tepu kuna nini, na wewe hujui, na hakuna mtu hapa anajua isipokuwa yeye. Hata akiwa malaika, ni malaika wa Tetu. Tuliinua mikono, tukasema mkono ya mtu haitagusa. Au tulikuwa tunapunga nzi?"

Niliweka viazi chini. Nilitaka kuingia nimweleze mstari kwa mstari, na mpishi, ambaye hakunijua hata jina, alinishika mkono wa sweta akatikisa kichwa. Kwa sababu uso ulikuwa umenipanda moto, haikunipata mara moja kwamba Kamande alisema kweli. Nilisikia mtu mmoja akiuliza Tetu ifanyweje sasa, ifutwe na walicheza mbele ya macho yetu? Nikamsikia Mwalimu akivuta pumzi, akikiri kwamba karatasi za kura alizikata yeye. Mwishowe Kamande akasema tena, polepole, "Mashine ilikuja kutoka Nairobi na saba ndani yake. Hiyo saba haina mwenyewe. Hakuna timu itanyang'anywa. Wakitaka, wachukue."

Nilisikia kijiko kikikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Hakuna mzazi atakubali," Mwalimu akasema. Nadhani Kamande naye alijua hivyo, na ndiyo maana alisema kwa upole ule. Nikaitwa ndani, nikaambiwa kaseti yangu haitatumika, nami ndiye nitakayepeleka ujumbe Tetu kabla ya jua kutua.

Niliwakuta kwenye kiwanja kilicho kati ya kituo cha kupimia majani na kanisa, wavu wao umefungwa kwenye miti ya mkaratusi. Nikawaambia kila kitu. Waliketi kwenye nyasi. Wa kwanza kusimama alikuwa Muthoni, mpigaji wa kushoto, aliyekuwa na mtoto mchanga amemlaza kwenye leso. "Mimi siwezi," alisema. "Niko na mtoto ya kunyonyesha. Mkichukua saba, mtafute mtu mwingine." Wawili wakaitikia. Mmoja akasema ni heri tukae nyumbani na heshima yetu. Nilimwangalia Wamuyu. Alikuwa akipiga mpira chini, anaudaka, anaupiga chini.

"Nyambura," akaniuliza, "ile yako uliyotengeneza, ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilifanya."

"Na wameikataa."

"Wameikataa kwa sababu ni yangu."

Akaudaka mpira, akaubana kwapani. "Sikilizeni basi. Tisa ni nambari mzuri, si ndiyo? Nilipoitoa kwa kofia mlinibeba. Nyanya yangu aliniombea juu ya hiyo tisa. Na tisa imetufanyia nini? Imetufuta. Tulifunga Karatina na hakuna mahali imeandikwa. Sasa kuna nambari moja imebaki katika hii dunia na watu wote wanaiogopa. Mimi nimekuwa nachuma majani na nambari nzuri miaka yote na sijaitwa jina. Nitaichukua hiyo saba. Kama ina kitu, ianze na mimi, mimi ndio kapteni." Akamwendea Muthoni, akachutama mbele ya yule mtoto. "Sikulazimishi. Lakini bila wewe sina mkono ya kushoto."

Muthoni akakunja leso. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda zake akikata katikati ya majani, na hatukujua kama kesho atakuja.

Jumamosi, siku ya mechi za mwisho za makundi na ya fainali, pale Kiganjo uwanja haukuwa na umeme, basi tuliweka mashine kwenye baraza la duka moja kando ya barabara, tukaweka televisheni juu ya kreti za soda. Kamande aliketi karibu nami kiasi cha kusikia harufu ya tumbaku yake. Kamati ilikuwa imeniwekea sharti: nisishangilie, nisizungumze na mchezaji, mikono yangu ikae juu ya meza mahali pa kuonekana. Mbele ya macho ya wote niliicheza kaseti ya Dilip, ile ya asili. Yangu ilikuwa mfukoni mwa sweta. Mashine ilipouliza jina la saba, nikaandika Tetu. Nilijisikia kama mtu anayefuta maandishi yake mwenyewe ubaoni kwa kiganja, na nikafuta. Kamande aliangalia kila herufi, na kila tokeo la Jumamosi iliyotangulia nilipoliingiza upya.

Timu zilitajwa kwa nambari. Ya saba ilipotajwa umati ukanyamaza, hata wauza njugu, na wanawake watano wa Tetu wakatembea peke yao kuingia uwanjani. Muthoni alikuwa amesimama nje ya kamba na mtoto mgongoni. Refa alitazama saa yake. Alipoinua filimbi mdomoni, Muthoni akamfungua mtoto, akamkabidhi mama asiyemfahamu, akapita chini ya kamba. Nilitaka kupiga kelele. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza.

Mechi ilikuwa dhidi ya Kangema. Kutoka barazani niliona nusu ya uwanja tu, nusu nyingine nikaisoma kwenye mabega ya Kamande, yaliyokuwa yakipanda na kushuka. Tetu ilishinda seti ya kwanza, ikapoteza ya pili, ikachukua ya tatu kwa kuvutana kama kamba. Karatasi za marefa zikaletwa. Ndipo nilipoona lililokuwa likitungoja: Othaya, Kangema na Tetu wote walikuwa na ushindi wa mechi mbili mbili. Yale yale ya mwaka wa viti. Watu walikuwa wamekwisha kusogea barazani, wengine na fimbo. Mashine ikagawanya seti, Othaya ikaanguka. Kangema na Tetu zikabaki sawa sawa. Ikaanza kugawanya pointi. Televisheni ilikaa nyeusi kwa muda ambao hata leo nikiukumbuka nakosa hewa, kisha printa ikaanza kupiga kelele.

Kanuni ya Mwalimu ilisema karatasi itasomwa na kiongozi wa timu iliyoshindwa, ili asiwepo wa kudai imebadilishwa. Niliikata kwenye printa nikaitazama, nikampa Kamande. Aliisoma kimya mara moja, akairudia. Angeweza kusema amenishuku. Angeweza kuinua mkono mmoja tu na fimbo zikafanya kazi yake. Akavua kofia, akasimama juu ya kreti, na kwa sauti ambayo sikujua anayo akasema, "Anayeendelea ni saba." Akarudia, kwa nguvu zaidi, "Mmesikia? Saba. Ni halali." Uwanjani Wamuyu alikaa chini kwenye vumbi akafunika uso kwa mikono miwili.

Fainali tulishindwa, na sitaipamba. Walitufunga wasichana wa mjini wenye viatu. Lakini kocha mmoja kutoka Nairobi alikuwa ameandika kwenye kiganja chake, "mrefu, wa saba," na Wamuyu aliporipoti kazini mwezi uliofuata walimkabidhi jezi yenye nambari hiyo wakidhani ndiyo yake ya siku zote. Hakuwasahihisha. Aliivaa mpaka magoti yakakataa, akalea watoto kwa mshahara ule, akamjengea mama yake nyumba ya mawe pale pale Tetu. Mimi Dilip alinitafutia nafasi katika ofisi ya kompyuta Nairobi, na kwa miaka yangu yote ya kazi, mtu akiniletea programu aliyoiandika, swali langu la kwanza lilikuwa: na usichotaka kukiona umekiweka wapi? Vijana waliniona mkali. Kaseti yangu bado ninayo, haijawahi kuchezwa tena, na sina mashine ya kuichezea.

Mhubiri alipomaliza, mtangazaji aliita watu kwa makundi waweke maua kaburini. Akaita familia, akaita kanisa, akaita wafanyakazi wenzake, kisha akasema, "Timu ya voliboli ya Tetu." Wakainuka wanawake wazee, wa siku ile na wa miaka iliyofuata, mmoja na fimbo, mmoja akishikwa mkono na mjukuu. Wote waliobaki walikuwa sita. Mimi nilikaa. Sikuwahi kucheza hata siku moja, na siku ile kubwa mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Waliteremka kwenye matope kuelekea kaburini, halafu aliyekuwa nyuma akasimama. Alikuwa Muthoni. Mgongo umempinda sasa, na yule mtoto wa kwenye leso ni baba mwenye mvi. Akageuka, akawahesabu wenzake kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi, maana kwetu watu hawahesabiwi. Kisha akanitazama.

"Tuko sita," akasema. "Nyambura, kuja tuwe saba."

Nikainuka.